Kebo ya kutoka transfoma hadi meinswichi: ulinzi ukae juu ya nguzo, chini ya nguzo au ndani ya bodi?

Nilipoishika ile kebo, ganda lake lilibanduka mkononi kama ngozi ya sato aliyeunguzwa kikaangoni. Ilikuwa kebo ya shaba ya milimita za mraba 70, yenye deraya ya nyaya za chuma, na kutoka kwenye transfoma hadi kwenye meinswichi ilikuwa na urefu wa mita 38. Kiwanda chenyewe ni cha barafu, kidogo tu, hapa Mwanza upande wa Kirumba, na wateja wake ni wavuvi na wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni. Ndani ya bodi palikuwa na breka nzuri ya ampea 200 isiyo na kasoro yoyote. Juu ya nguzo palikuwa na fyuzi tatu za laini ya kilovolti 11, zile zinazoanguka na kuning'inia zikikatika, na zote tatu zilikuwa zimesimama palepale, hakuna iliyoanguka. Kilichoungua ni kilichokuwa katikati yao.

Mwenye kiwanda, mama mtu mzima aliyejenga biashara hiyo kwa miaka mingi, aliniuliza swali moja tu: "Fundi, breka ninayo, na fyuzi za juu zipo. Kebo imeunguaje?"

Nikamwambia, "Mama, breka yako ni mlinzi wa mlango wa ndani. Moto umeingilia ukutani huku nyuma, yeye angeuonaje?"

Jibu hilo ni fupi mno kwa mtu anayetaka kuamua anunue nini. Nimelijadili jambo hili mara nyingi na wenye viwanda, wenye mashine za kukoboa mpunga na mafundi wenzangu, na nimeona kwamba wengi huchagua ukubwa wa kebo kwa makini, wakachagua breka kwa makini, halafu mahali pa kuweka ulinzi pakaamuliwa na nafasi iliyobaki ukutani. Mahali hapo ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote mawili.

Breka ya mwisho wa kebo inaona nini

Fyuzi au breka hujua kitu kimoja tu: mkondo unaopita ndani yake. Breka iliyofungwa mwisho wa kebo, ndani ya bodi, inapitiwa na mzigo wote wa kiwanda. Kwa hiyo mashine zikizidi, itakata, na kebo nyuma yake itapumua. Kwa upande wa kuzidiwa mzigo, breka ya mwisho inailinda kebo nzima tangu kwenye transfoma, alimradi hakuna aliyechomoa tawi njiani.

Shoti ni habari nyingine. Fezi ikigusa deraya katikati ya njia, mkondo unatoka kwenye transfoma, unafika pale palipochubuka, unarudi kwenye nyutro ya transfoma. Haufiki kwenye breka kabisa. Mwanza jambo hili lina uzito wake, kwa sababu mji wetu ni wa mawe. Transfoma inakaa barabarani ambako gari la nguzo linafika, jengo linakaa juu au nyuma ya jabali, na mtaro wa kebo hauchimbwi pale unapotaka bali pale mwamba unapokuruhusu. Nimekuta kebo Igogo na Mabatini zimezungushwa mawe matatu kabla ya kuingia ndani. Kila kona ya jiwe ni mahali pa kuchubuka. Pale Kirumba ilikuwa ukingo wa bati lililofukiwa na mkandarasi wa ukuta, ambaye hakujua kuna kebo chini.

Fyuzi za nguzoni: kwa nini hazikuanguka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganyika, wakiwamo mafundi wazuri.

Chukua transfoma yenye uwezo wa kVA 200. Upande wa volti 400 inatoa ampea 289 kwa kila fezi. Upande wa kilovolti 11 inavuta ampea 10.5 tu. Fyuzi ya juu haiwezi kuwekwa ampea 10.5 kamili. Umeme unaporudi baada ya kukatika, transfoma inameza mkondo mkubwa kwa muda mfupi, mara kadhaa ya kawaida yake, na kandokando ya ziwa hili kuna radi nyingi. Utambi mdogo, yaani ule waya wa ndani ya fyuzi unaoyeyuka, ungekatika kila wiki. Kwa hiyo juu huwekwa utambi mkubwa kidogo, tuseme ampea 15 wa aina ya K. Utambi wa aina hiyo umetengenezwa ili uyeyuke ndani ya dakika 5 ukipitiwa na takriban mara mbili ya namba yake, yaani ampea 30 na kuendelea. Chini ya hapo unavumilia.

Sasa itazame kwa jicho la utambi huo. Transfoma zetu za kusambazia umeme kwa kawaida koili zake zimeunganishwa delta (kama pembetatu) upande wa volti kubwa, ndio wa juu, na nyota upande wa volti ndogo, ndio wa chini, na kwenye kibao chake utasoma Dyn11. Muunganisho huo una tabia moja ambayo kila mwenye transfoma angepaswa kuijua: mkondo wa fezi moja kwenda nyutro ukipanda upande wa juu, unaonekana kama asilimia 58 tu ya ule ambao ungeonekana kama fezi zote tatu zingebeba kiasi hicho. Fyuzi ya juu inaona kivuli cha tatizo, na kivuli chenyewe kimefupishwa.

Fanya hesabu. Fezi moja imegusa deraya kwa namna isiyo kamili, na ampea 1,400 zinapita. Ukizipandisha juu kwa uwiano wa volti 231 kwa volti 11,000, unapata ampea 29.4. Utambi wa 15 unaweza kukaa na ampea 29.4 kwa dakika 5 na zaidi. Na kebo? Shaba yenye ganda la PVC ina kipimo chake cha joto: namba 115 mara eneo la waya, kisha jibu linazidishwa kwa lenyewe na kugawanywa kwa mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa milimita 70 na ampea 1,400 unapata sekunde 33. Baada ya hapo ganda limevuka nyuzi 160 na kazi yake imekwisha.

Sekunde 33 kwa dakika 5. Hiyo ndiyo sababu mama yule alikuta fyuzi zake zimesimama na kebo imekuwa mkaa.

Kinachowapotosha watu ni kwamba shoti kubwa kweli huangusha fyuzi za juu, tena upesi. Fezi tatu zikigongana karibu na transfoma hiyo ya kVA 200 yenye impedansi (upinzani wake wa ndani) ya asilimia 4, mkondo unafika ampea 7,200, juu unaonekana kama ampea 262, na utambi wa 15 unakatika kabla hujageuza shingo. Mtu aliyewahi kuusikia mlipuko huo anaamini fyuzi za juu zinamlinda. Zinamlinda dhidi ya shoti kubwa. Shoti ya wastani, ile inayonguruma na kutoa moshi, inapita bila fyuzi hizo kuiona. Na katika kebo iliyochubuka mtaroni, shoti ya wastani ndiyo ninayokutana nayo.

Halafu kuna kuzidiwa mzigo kwa kawaida. Transfoma ya ampea 289 inaweza kuitoa ampea hiyo mchana kutwa bila kulalamika. Kebo ya 70 ya deraya, ikiwa imebanwa ukutani na hewa ikiwa nyuzi 30, inabeba takriban 207. Fyuzi ya juu haina habari kwamba ulinunua kebo ndogo kuliko transfoma. Iko pale kwa ajili ya transfoma na laini.

Kanuni mbili, njia mbili za kufikiri

Kwetu, mafunzo na michoro mingi ya viwandani imefuata mapokeo ya Uingereza, BS 7671, na ya kimataifa, IEC 60364. Lakini mashine na michoro ya Marekani nayo inaingia, hasa kwenye miradi iliyofadhiliwa na mashine zilizotumika, na michoro hiyo inafuata NEC, kanuni za umeme za Marekani. Nimekuta mafundi wanachanganya: wanachukua urefu kutoka huku na masharti kutoka kule. Ni vizuri kuziweka pamoja uone tofauti ya fikra.

BS 7671 na IEC zinagawa kazi mbili. Ulinzi wa kuzidiwa mzigo unaweza kukaa popote kwenye njia ya kebo mradi hakuna tawi kabla yake. Ulinzi wa shoti unatakiwa ukae mwanzoni, pale kebo inapoanza au inapopungua ukubwa. Kisha zinatoa ruhusa: usipoweka ulinzi wa shoti mwanzoni, kipande hicho kisizidi mita 3, kipitishwe kwa namna inayopunguza sana uwezekano wa shoti, na kisiwe karibu na vitu vinavyowaka. Kuna ruhusa nyingine kwa kebo inayounganisha transfoma, jenereta au betri na bodi yake yenye ulinzi. Hiyo haina kikomo cha mita kilichoandikwa, lakini masharti ya kupunguza hatari na moto yanabaki. Hapo kanuni inamwachia mhandisi ahukumu. Na hapo ndipo wengine wanapojificha. Mita 38 zinazopita chini ya ukuta wa jirani, karibu na magunia ya pumba, haziwezi kuitwa njia iliyopunguziwa hatari kwa sababu tu upande mmoja kuna transfoma na upande mwingine kuna bodi.

NEC inaanzia upande wa kukataza. Inasema wazi kwamba kebo za upande wa pili wa transfoma, unaotoa umeme, hazihesabiwi kuwa zimelindwa na ulinzi wa upande wa kwanza, unaopokea umeme, isipokuwa katika hali mbili: transfoma ya fezi moja yenye waya mbili upande wa pili, na ile ya delta kwa delta yenye waya tatu. Zote mbili hazina ule mchezo wa asilimia 58, kwa hiyo kinachotokea chini kinaonekana juu bila kupunguzwa. Delta kwa nyota, ambayo ndiyo yetu, haimo.

Baada ya katazo hilo inatoa vipimo. Mita 3: kebo iwe na uwezo usiopungua mzigo wala namba ya kifaa inachoishia, ikae ndani ya bomba, na ikitoka nje ya kasha la transfoma, ulinzi wa upande wa kwanza ukigeuzwa kwa uwiano wa volti usizidi mara 10 ya uwezo wa kebo. Mita 7.5: kebo iwe na angalau theluthi moja ya ulinzi huo uliogeuzwa, iishie kwenye breka moja au seti moja ya fyuzi, na ikingwe isigongwe. Nje ya jengo: hakuna kikomo cha urefu, mradi kebo imekingwa, inaishia kwenye breka moja inayolingana na uwezo wake, na swichi ya kuzimia iko nje au mara tu kebo inapoingia ndani. Tena, kwa kebo hizi NEC hairuhusu ule utamaduni wa kupanda namba moja juu pale breka ya saizi kamili inapokosekana.

Ukiniuliza ipi ni bora, nitakuambia nazifuata za BS na IEC kwa sababu vifaa na volti zetu ni za huko, lakini katazo la NEC juu ya delta kwa nyota nalibeba kichwani kila siku. Lile la nje bila kikomo cha urefu silipendi kwa hapa kwetu. Nje ya jengo Mwanza ni mahali pa majembe, mikokoteni, mbuzi na mafuriko ya mvua za masika yanayofukua mitaro. Ruhusa hiyo inaanza na sharti kwamba kebo imekingwa, na ukikinga mita 38 kwa zege kwa kweli, gharama yake inazidi kabati la fyuzi.

Fyuzi chini ya nguzo: zinaleta nini

Weka kabati chini ya transfoma, ndani yake swichi ya fyuzi za HRC, zile za kauri zilizojazwa mchanga. Rudi kwenye shoti yetu ya ampea 1,400. Fyuzi ya gG, yaani ya matumizi ya kawaida, ya ampea 200, kwa viwango vyake vya IEC, ikipitiwa na ampea 1,250 lazima ikatike ndani ya sekunde 5. Kwa 1,400 itakuwa upesi zaidi, wakati kebo ya 70 inavumilia sekunde 33. Ukitaka kuweka 250 ili fyuzi isigombane na breka ya ndani, bado umo salama: kwa ampea 1,650 itakatika ndani ya sekunde 5, na kebo hapo inavumilia karibu 24. Juu ya nguzo ilikuwa dakika, hapa ni sekunde chache. Na ile shoti kubwa ya ampea 7,200 fyuzi hizi zinaikata kabla wimbi moja la umeme halijakamilika.

Kama fyuzi hizo ndizo pekee zinazolinda kebo dhidi ya kuzidiwa mzigo pia, angalia namba vizuri. Fyuzi ya gG hukatika kwa hakika kwenye mara 1.6 ya namba yake, tena kwa muda wa saa kadhaa, wala si sekunde. Kanuni ya IEC inataka mkondo huo usizidi mara 1.45 ya uwezo wa kebo. Fyuzi ya 200 inakupa 320, kebo ya ampea 207 inakuruhusu 300. Kwa hesabu ya IEC unashuka hadi 160. BS 7671 inaziona fyuzi za aina hiyo za kiwango cha Uingereza, BS 88, kuwa zimetimiza sharti mradi namba ya fyuzi haizidi uwezo wa kebo, kwa hiyo 200 inapita. Breka kubwa ya kiwandani hukatika kwenye mara 1.3, yaani 260, na inapita kwa kanuni zote mbili bila mjadala. Ndiyo maana napenda kuigawa kazi: fyuzi chini ya nguzo kwa shoti, breka ndani kwa mzigo.

Fyuzi zina ubaya wake. Moja ikikatika, fezi mbili zinabaki, na kompresa ya barafu inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili huku ikinguruma hadi koili zinanuka. Mwenye fyuzi bila relei ya kukosekana kwa fezi, kifaa kinachoizima mota fezi moja ikipotea, kwenye mota zake amehamisha hasara kutoka kwenye kebo hadi kwenye mota. Relei hiyo ni ndogo, inakaa ndani ya kabati la mota, na mimi siifungi fyuzi bila kuitaja.

Ubaya wa pili ni wa mikono yetu. Saa nane usiku fyuzi imekatika, samaki wako kwenye chumba cha baridi, duka limefungwa. Mtu anachukua uzi wa shaba, anauzungushia kwenye meno ya kishikio, umeme unarudi. Kuanzia hapo kebo haina ulinzi tena na hakuna atakayekumbuka asubuhi. Nimefungua makabati Nyakato nikakuta uzi wa shaba umekaa miaka, umepata kutu ya kijani.

Breka chini ya nguzo badala ya fyuzi

Hii inawezekana, na kwa kiwanda chenye mota nyingi ina faida: inakata fezi zote tatu pamoja, na inarudishwa bila kununua kitu. Lakini angalia mambo mawili.

Kwanza uwezo wake wa kukata shoti. Transfoma ya kVA 200 inaweza kutoa ampea 7,200, ya kVA 315 ampea 11,400, ya kVA 500 zaidi ya 18,000, zote kwa impedansi ya asilimia 4. Zile breka ndogo za nyumbani zina namba 6000 ndani ya kimstatili usoni. Maana yake zinakata hadi ampea 6,000 na si zaidi. Ukiiweka moja karibu na transfoma ya kVA 200, siku ya shoti kubwa inaweza kupasuka usoni mwa mtu. Hapa inatakiwa breka ya kiwandani yenye uwezo wa ampea 25,000 au 36,000. Fyuzi ya HRC haina wasiwasi huo, kwa kawaida inakata 80,000 na kuendelea. Kwa bei ya uwezo wa kukata, fyuzi inashinda kwa mbali.

Pili, hali ya hewa. Breka ina springi, bawaba na mafuta. Ndani ya kabati la nje, lenye unyevu wa ziwa asubuhi na jua kali mchana, na wadudu wa ziwani wanaojazana kwenye kila upenyo penye taa, sehemu hizo hukwama. Breka iliyokwama haikuambii. Fyuzi haina kinachosogea.

Na usinunue breka kubwa kwa mtu anayeuza kwa bei ya karanga. Ganda la breka bandia linafanana na la halali kwa kila herufi, na huwezi kulijaribu kwa shoti halisi dukani.

Uchague nini, kwa hali yako

Kama transfoma ni ya shirika la umeme na wewe unaletewa waya na mita ya LUKU, sehemu kubwa ya mjadala huu si yako. Ulinzi wa upande wao ni wao, na nguzo huigusi. Yako inaanzia baada ya mita. Ila ukiwa na mashine ya kukoboa na kebo yako ya mita 20 inatoka kwenye mita hadi kwenye kibanda, uliza kuna fyuzi ya ngapi pale kwenye mita, na ulinganishe na kebo hiyo.

Kama unapokea umeme kwa kilovolti 11 au 33 na transfoma ni yako, kila kitu kuanzia hapo ni chako. Pima umbali kwa futi kamba, si kwa macho. Transfoma na bodi vikiwa mgongo kwa mgongo, kebo haifiki mita 3, iko ndani ya bomba la chuma na hakuna magunia wala mafuta karibu, breka ya ndani peke yake inatosha, na sitakuuzia kabati usilolihitaji. Umbali ukizidi hapo, weka fyuzi chini ya nguzo na breka ndani. Hilo ndilo pendekezo langu kwa viwanda vingi vya hapa, kwa sababu mawe hayatuachii mita 3 mara nyingi.

Kuna hali moja inayonitia hofu kuliko zote: kiwanda kimekua, na kebo ya pili imeunganishwa kwenye vichwa vilevile vya transfoma, ikaenda kwenye jengo jipya na breka yake ya 200. Sasa una 200 na 200, jumla 400, kwenye transfoma ya 289. Kila breka inaona mzigo wake ni wa kawaida. Hakuna anayeitazama jumla. NEC, kwa mahali pasipo na wasimamizi wenye ujuzi, inataka ulinzi wa upande wa pili usivuke asilimia 125 ya ampea za transfoma, na vifaa vikiwa vingi, hadi sita, namba zao zikijumlishwa zisipite hapo. Kwa kVA 200 hiyo ni ampea 361, ingawa kwa ulinzi wa transfoma, tofauti na kebo, NEC inaruhusu kupanda hadi saizi ya kawaida inayofuata. Hiyo 361 bila kupanda ni kipimo kizuri hata kwa anayefuata IEC. Kila kebo ipewe fyuzi zake kwenye kabati la chini, na jumla yake uihesabu kabla ya kukaza bolti.

Transfoma ndogo ya ndani, ile ya kushusha kutoka volti 230 kwenda 120 kwa ajili ya mashine ya Marekani, ni rahisi zaidi. Ni ya fezi moja na waya mbili, kwa hiyo ulinzi wa upande wa kwanza unaweza kuilinda na kebo ya pili. kVA 5 inavuta ampea 21.7, unaweka breka ya 25 ya mkunjo wa D, aina inayovumilia mkondo mkubwa wa kuwashia, isiruke kila unapowasha, na hiyo upande wa pili ni sawa na ampea 48. Kebo ya pili iwe na uwezo wa 48 au zaidi, basi. Lakini ile ya fezi tatu ya kupandisha hadi volti 480, yenye nyota upande wa pili, irudishe kwenye hesabu ya mwanzo: ipe breka yake upande wa pili, karibu na transfoma.

Kwa yote haya, kazi ya upande wako ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja linaloruhusu volti hizo. Muombe akuandikie kwenye karatasi moja: uwezo wa kebo, namba ya fyuzi, uwezo wa kukata shoti, na urefu wa kipande kisicho na ulinzi. Asiyeweza kuandika mistari hiyo minne hajaifikiria kebo yako.

Kule Kirumba tuliweka kebo ya 120 badala ya 70, kwa sababu mama alikuwa amepanga mashine ya tatu. Tuliizungusha mbali na ule ukuta, tukaiweka ndani ya bomba pale inapokatiza njia ya mikokoteni, na tofali juu yake mtaro mzima. Chini ya nguzo lipo kabati la chuma lenye fyuzi za 250, ndani ya bodi breka ya 250 tuliyoirekebisha hadi 225, na kila kompresa ina relei yake ya fezi. Ndani ya mlango wa kabati nimefunga kopo la plastiki lenye fyuzi tatu za akiba, na juu yake nimeandika kwa kalamu ya rangi: AMPEA 250, gG. Juzi nilipopita kununua barafu, mlinzi wa usiku alinifungulia kabati mwenyewe kunionyesha kwamba zote tatu bado zimo.